Kihisi Namba Nne

Saa tisa na robo usiku simu inanguruma chini ya mto:
kihisi namba nne, unyevu asilimia mia.
Mia! Kwani humo ndani kunanyesha?
Navaa koti juu ya gauni la kulalia,
naivuka Apopka iliyolala,
maduka ya matairi, kanisa la Wahaiti,
taa nyekundu inanisimamisha peke yangu, na natii.

Januari hii Florida imesahau jina lake.
Redio imesema sakitu itashuka kabla ya alfajiri,
na miti yangu (nasema yangu, nalipwa kwa saa),
miti mia sita ya kratomu, haijui baridi.
Kwao ni tope la moto, Thailand kwa kina Ratana,
ambako baba yake alitafuna jani akigema mpira
kama babu zangu Bukoba walivyotafuna buni.
Ndugu hawa, mbuni na mti huu, ukoo mmoja:
tazama majani yanavyoota mawili mawili,
uso kwa uso, kama watu wanaoamkiana.
Siku ya kwanza kazini nilicheka:
nimevuka bahari kuja kulea mtoto wa shangazi.

Ndani, taa za zambarau. Feni zinapumua.
Kompyuta inahesabu matone,
kila mti na kipimo chake, kama dawa ya mtoto.
Nafuata waya hadi namba nne,
na nani kajikunyata juu yake?
Chura.
Chura wa kijani, ukubwa wa kidole gumba,
kakimbilia kijoto cha kile kidude
na kwa ngozi yake mbichi
kaiambia kompyuta kwamba masika yamefika.

Kompyuta ikaamini. Ikafungua madirisha ya paa
kutoa unyevu, na baridi ikaingia humo humo.
Niliyafunga kwa mkono, gurudumu lina kutu,
Wilner akaja na hita za gesi, akiapa kwa Kikrioli.
Miti kumi na mmoja haikuliona jua.

Asubuhi Ratana hakumlaumu chura wala mtu.
Alikata wavu wa chujio la chai,
akakishonea kihisi kofia.
"Teknolojia," alisema, akakata uzi kwa meno.

Usinielewe vibaya, mashine siichukii.
Zamani tulikausha kwa kubahatisha:
jani likivunjika kwa mlio, basi, limeiva.
Sasa tanuri lina kioo na saa,
na kamera juu ya mkanda inachambua.
Nimeifundisha mimi, picha elfu nne,
jioni baada ya jioni: huu mshipa mwekundu,
huu wa kijani, hili gonjwa, hili vumbi tu.
Bado inadhani kivuli cha kidole changu ni kuvu.

Halafu likaja fungu la thelathini na moja.
Karatasi ya maabara: nikeli, juu ya kipimo.
Tukapima maji, safi. Udongo, safi.
Kumbe kinu! Kinu cha mnada,
meno yake yakijila yenyewe
kidogo kidogo ndani ya unga,
jicho halioni, ulimi hauonji.
Mnunuzi wa Tampa akacheka kwenye simu:
"Changanyeni na lingine. Nani atajua?"
Ratana akaigeuza ile karatasi, akaigeuza tena.
"Hii inajua," akasema, akakata simu.
Kilo themanini. Eusebia alichimba, mimi nikamwaga,
na mwezi ule mshahara ulikuja vipande vipande.

Leo usiku simu imenyamaza.
Namba nne, unyevu sitini na mbili.
Nageukia ukutani, navuta blanketi,
usingizi unakaribia kabisa,
ndipo nakumbuka:
namba saba haina kofia.